Siku Waliyonipima kwa Kiatu

Mpaka leo nikisikia kiatu cha mtoto cha kubandika, ule mkanda wake unaolia kraa ukivutwa, moyo unaruka kwanza ndipo akili inafuata. Kiatu tu, haki! Watu wengine hushtuka wakiona nyoka. Mimi mshtuko mkubwa wa maisha yangu niliupata Dubai, mchana kweupe, darasani, kwa sababu ya kiatu cheusi cha mvulana wa miaka sita na bibi mmoja aliyekuwa amekaa kimya chini ya AC.

Enzi hizo nguzo za treni ya mjini zilikuwa bado zinasimamishwa, na kila ukilala ukiamka unakuta ghorofa jipya limechomoza mahali. Nilikuwa nikikaa Al Nahda, vitanda vya kupandana, Wakenya na Waganda na Watanzania chumba kimoja, na asubuhi basi la kampuni iliyotuajiri lilitupeleka Mirdif kwenye shule ya serikali. Kazi yangu ilikuwa msaidizi wa darasani. Nyumbani niliwaacha waamini kwamba mimi ni mwalimu Uarabuni, kwa sababu kueleza kulinichosha. Mwalimu alifundisha darasa, na sisi wasaidizi tulikaa na wale watoto waliomshinda. Mwenzangu katika darasa hilo alikuwa dada mmoja Mganda, Mwislamu wa swala tano, mwenye mdomo usio na breki. Yeye alikuwa na msichana wa kiti cha magurudumu. Mimi nilikuwa na mvulana asiyesema.

Nikisema hasemi, namaanisha hasemi. Hakuwahi kumwita mama yake mama. Alikuwa na macho makubwa ya kuuliza, na ukimgusa bila kumwambia kitu kwanza alipiga mayowe mpaka walimu wa madarasa mengine wakaja kuchungulia mlangoni. Shule ilimpokea kwa majaribio. Mudira, ndiye mwalimu mkuu, alinieleza siku ya kwanza bila kupepesa: mwisho wa mwaka ukifika na bado hatamki neno, atatolewa apelekwe kituo cha watoto walemavu. Niliuliza kama huko huwa wanarudi shuleni. Akasema inshallah, na kwa namna alivyoitamka nikaelewa hawarudi.

Sasa, shule ile ilikuwa na chumba cha zulia cha kusomea hadithi, na zulia halikanyagwi kwa viatu. Watoto walivua mlangoni, wakitoka wanavaa. Kwa mvulana wangu hiyo ilikuwa vita ya kila siku. Kuvua alivua, kuvaa akakataa katakata. Nilimbembeleza kwa Kiingereza changu, nikambembeleza kwa Kiarabu changu cha kuunganisha na uzi, yalla habibi, yalla, wapi! Siku moja hasira zilinipanda, nikaketi sakafuni karibu na mlango, nikaanza kujiimbia mwenyewe kwa Kiswahili ili nisije nikamfokea mtoto wa watu. Niliimba upuuzi uliokuwa mbele ya macho yangu:

Kiatu kiko wapi?
Mguu ndani, polepole.
Vuta juu, vuta juu,
bandika. Tayari?

Ala! Mtoto akanyamaza. Akanyoosha mguu. Nikamvika, nikauliza tena "Tayari?" kisha nikajijibu "Tayari!" na akasimama akaenda zake kama mtu aliyepokea maelezo ya kuridhisha. Kuanzia siku hiyo hakuna kiatu kilichovaliwa bila wimbo. Baadaye nilianza kumwachia kazi kidogo kidogo, mimi naimba, yeye anavuta. Mwishoni nilikuwa naimba tu na mikono yangu iko mapajani.

Ndipo likaja suala la viwango. Tuliambiwa serikali imeona wasaidizi wa darasani wameokotwaokotwa tu, kila shule na wake, kwa hiyo kuanzia sasa kila msaidizi lazima apimwe na apewe cheti. Asiyefaulu, kampuni itafuta viza yake na atarudi kwao. Shule yetu ilichaguliwa kujaribu kwanza. Kamati ilikuwa ya watu watatu: mudira mwenyewe, mama mmoja wa Kizungu aliyeitwa mtaalamu, na bibi mmoja mwalimu mstaafu, wa abaya nyeusi na miwani minene, ambaye hatukuambiwa kazi yake hasa ni nini. Na kwa kuwa nilikuwa na cheti cha ualimu wa chekechea kutoka Kenya, mudira aliniita niketi nao kama sauti ya wasaidizi.

Sauti! Nilifika nimevaa nguo yangu nzuri, nikidhani nitaulizwa. Viwango vilikuwa vimeshaandikwa. Vingi vilinifurahisha, kusema kweli. Msaidizi ajue huduma ya kwanza, vizuri sana. Asimlishe mtoto aliyelala chali, nani atapinga? Asimfanyie mtoto jambo ambalo mtoto anaweza kujifanyia, hapo nilipiga meza nikasema hiki kiandikwe kwa herufi kubwa. Halafu mtaalamu akasoma kiwango cha lugha: msaidizi azungumze na mtoto kwa Kiarabu au Kiingereza pekee, na atakayesikika akitumia lugha nyingine hapati cheti, hata akifaulu mengine yote.

Nilishtuka mpaka kikombe kikagonga kisahani. Niliwaambia, mtoto akipiga mayowe mimi siwezi kuanza kutafuta maneno ya kitabuni, linatoka lile lililo karibu na moyo. Mtaalamu akanijibu kwa upole, na upole wenyewe ndio ulioniudhi, kwamba mtoto mwenye shida ya kusema akichanganyiwa lugha ya tatu atapotea zaidi, na wazazi wana haki mtoto wao akue katika lugha yao. Mudira alisema khalas, tuendelee. Bibi wa miwani alinitazama tu, akakoroga chai yake.

Niliporudi darasani nilimweleza dada Mganda, naye akacheka mpaka akashika ubavu. "Akujue nani? Hapa nani anajua Kiswahili? Mudira? Wewe imba mama, imba mpaka uchoke."

Na mimi nikaimba. Kwanza, nilikuwa na hasira. Pili, mwisho wa mwaka ulikuwa unakaribia na nilikuwa nimeona midomo ya yule mtoto ikicheza wakati naimba, kidogo sana, mfano wa mtu anayeonja chumvi. Sikumwambia mtu. Niliogopa kusema kitu kikapotea.

Katika wiki hizo za kusubiri kupimwa, yule bibi akawa anakuja kuketi darasani kwetu. Haulizi, haandiki sana, anavuta kiti chini ya AC na kukaa pale kwenye baridi ambayo sisi tulikuwa tunaikimbia. Dada Mganda akambatiza Bibi Friji. Tulimsema huyo bibi, jamani! Tulimsema mbele yake, kwa sauti ya kawaida kabisa, huku tukimtabasamia. Ndivyo tulivyozoea Waswahili wa Dubai, kwenye lifti, kwenye basi, dukani, unamjadili mtu pua na mdomo naye amesimama hapo hapo, kwa sababu lugha yetu tuliiona ni chumba chenye mlango na ufunguo tunao sisi.

"Bibi Friji leo amesinzia," dada anasema, akimfuta msichana wake mdomo. "Nafikiri walimsahau hapa, hakuna mtu nyumbani anamtafuta."

"Mwache," namjibu. "Ukimwamsha atakuuliza cheti."

"Na wewe na nyimbo zako? Akikuripoti?"

"Aniripoti kwa lugha gani? Huyo hata akiamka asubuhi sidhani anajisemesha."

Tunacheka. Bibi anarekebisha miwani.

Siku ya kupimwa ikafika. Dada Mganda alipimwa kwanza akafaulu, maana msichana wake alikuwa mchangamfu na yeye mwenyewe siku hiyo alifunga mdomo kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Kisha mtaalamu akanigeukia. Jambo lenyewe lilikuwa dogo: mtoto atoke kwenye chumba cha zulia, avae viatu vyake, aende mezani. Msaidizi amwongoze kwa kufuata viwango. Walipanga viti vyao ukutani, mudira katikati, bibi chini ya AC yake.

Mvulana akatoka. Akaketi chini, viatu mbele yake, akainua uso kunitazama. Alikuwa anangoja wimbo.

Nikasema, "Yalla, habibi."

Hakusogea. Alinitazama jinsi unavyomtazama mtu wa kwenu aliyekupita sokoni bila kukusalimia. Nikarudia kwa Kiingereza. Wapi. Nikasikia kalamu ya mtaalamu ikiandika, na mimi najua kinachoandikwa. Nikajua akianza mayowe sasa tumekwisha wote wawili, yeye kituoni na mimi uwanja wa ndege. Wimbo ulikuwa umenijaa kinywani. Niliuma midomo. Nawaapia, sijawahi kuzuia kitu mwilini mwangu kwa nguvu namna ile, na nimezaa.

Halafu mtoto akavuta kiatu kimoja karibu. Akakitazama. Na kwa sauti nyembamba ya kukwaruza, sauti ambayo hakuna aliyewahi kuisikia duniani, akaimba.

"Kiatu. Kiko wapi."

Akaingiza mguu. "Polepole." Akavuta. "Vuta juu, vuta juu." Mkanda ukalia kraa. Akainua uso, macho yale makubwa yananikodolea mimi, akauliza, "Tayari?"

Sikujibu. Siwezi kueleza nilikuwa wapi dakika ile. Nyuma yangu nilisikia kijiko ambacho dada Mganda alikuwa akimlishia msichana wake kikianguka chini, na yeye akisema, "Subhanallah, subhanallah."

Mtaalamu aliinamia karatasi yake. "Amevaa mwenyewe, hilo ni zuri," alisema. "Sauti zipo, lakini hazina maana. Lugha bado hana." Mudira akatikisa kichwa kwa huzuni ya kweli, akasema basi, alitumaini, lakini kwa hali hii itabidi kituo kiandikiwe.

Hapo ndipo niliporipuka. Ningekuwa na akili ningehesabu kwanza faida na hasara yangu, lakini hasira zangu hazijui kungoja foleni. "Hazina maana vipi? Anasema! Huyo mtoto anasema! Anasema Kiswahili!"

Walinitazama wote. Mudira akaniambia nikae, akaniambia anaelewa uchungu wangu, kila msaidizi siku ya kupimwa mtoto wake huwa hodari. Dada Mganda akadakia kwamba ni kweli, naye amesikia. Mudira akamjibu kwamba marafiki hushuhudiliana. Mtoto kavunja kimya cha miaka sita, na mashahidi ni wanawake wawili wa kuletwa ambao neno lao halizidi uzito wa hewa! Nililia kwa hasira, kamasi na yote, mbele ya kamati.

Kiti kikasogezwa chini ya AC.

Bibi wa miwani alisimama. Alizungumza na mudira kwa Kiarabu, maneno machache, na mudira akageuka kumtazama kana kwamba bibi amevua abaya. Kisha bibi akanigeukia mimi.

"Punguza kelele, mwanangu. Nimemsikia. Kasema kiatu, kasema polepole, kasema vuta juu. Na kakuuliza tayari, nawe hujamjibu."

Kiunguja! Kiunguja safi, cha kunyoosha, cha kwao kabisa! Mambo yote tuliyomsema yakanipita kichwani kwa kasi, kusinzia kwake, kusahauliwa kwake, kwamba hakuna anayemtafuta. Nilitamani zulia linimeze. Dada Mganda alikuwa amejifunika uso wote kwa mtandio.

"Na mie si friji," bibi akaongeza. "Nna masikio."

Wakajadiliana kwa Kiarabu. Nilishika vipande tu, lakini nilielewa pale mtaalamu alipofafanuliwa kwa Kiingereza, akaacha kuandika, akamtazama mtoto na macho yake yakalowa, naye si mtu mbaya. Alisema basi hakuna kituo, mtoto ana lugha, mtoto anabaki. Nikamshukuru Mungu kwa sauti. Kisha akarudisha macho kwenye karatasi, taratibu, na nikaona lile jambo likimfikia usoni. Akaniuliza kama mimi ndiye niliyemfundisha.

Nani mwingine? Nikasema ndiyo.

Cheti sikupata. Mudira aliniambia mwenyewe, na hakufurahi kuniambia. Kiwango ni kiwango, alisema, na hiki ulikisikia kikisomwa.

Nilimfuata bibi kwenye ukumbi nikiwa nawaka. Nilimwita kwa heshima, lakini kilichofuata hakikuwa na heshima. "Bibi, umenimaliza. Ungewaambia mtoto anasema, ukaniacha mimi."

"Ningewaambia anasema Kiswahili, kisha wakiniuliza kakitoa wapi niseme kakiokota jangwani?" Aliketi kwenye benchi ya watoto, magoti juu. Akaniambia alizaliwa Unguja, akaletwa huku akiwa msichana, na shuleni wenzake walimcheka matamshi, wakamwita Mzinjibari kana kwamba ni ugonjwa. Mama yake akamwambia lugha ile iishie mlangoni. Mama alipokufa hakubaki mtu wa kusema naye. "Wanangu hawajui kama mie najua. Mudira namjua miaka chungu nzima, kanijua leo. Nlikuwa nakuja kukaa darasani kwenu kusikiliza tu. Hata mkinisema, nlikuwa nasikia raha."

Jamani. Nilikuwa nimekuja na maneno makali zaidi, badala yake nikaketi karibu naye kwenye benchi.

"Nisingesema, angeondoka yeye," akasema. "Nimesema, unaondoka wewe. Ungekuwa mie ungefanyaje?"

Nilimwambia sijui. Nilikuwa najua, maana nilishapayuka kabla yake, lakini sikutaka kumpa ushindi huo siku hiyo.

Siku yangu ya mwisho shuleni nilikwenda kuchukua vitu vyangu. Dada Mganda alinisaidia kufunga mfuko akinong'ona, maana tangu siku ile alinong'ona kila kitu, hata hodi. Nikaambiwa mama yake mvulana yuko mlangoni pa chumba cha zulia, ananitaka. Nilikuwa sijawahi kumwona, siku zote dereva ndiye aliyemleta mtoto. Nikajiandaa kwa maneno. Neno la kwanza la mwanao ni la lugha ya watumishi, nani asingekasirika?

Alikuwa mdogo kuliko nilivyofikiri, madam wa manukato mazuri na macho mekundu. Mtoto ameketi karibu naye, viatu mbele. Hakunisalimu, wala sidhani aliikumbuka salamu. Alisema kwa Kiingereza, "Nyumbani ananiimbia. Kila siku ananiuliza kitu, mimi sijui ananiuliza nini."

"Anakuuliza kama uko tayari, madam."

"Na mimi namjibuje?"

Aliketi sakafuni na abaya yake ya thamani. Nikaketi mbele yake. Nilimfundisha mstari kwa mstari, kiatu, mguu, polepole, na alikosea kila mahali, akasema bolebole, akarudia, akasema bolebole tena. Mtoto akatutazama mmoja mmoja. Akavaa kiatu cha kwanza, akavaa cha pili, mkanda ukalia. Akanigeukia mimi.

"Tayari?"

Nikanyoosha kidole kwa mama yake.

Mtoto akageuka polepole. Akamtazama mama yake usoni, akangoja.

"Tayari?"

"Tayari," mama akasema.

Mtoto akasimama, akamshika mkono, wakaenda mezani. Mimi nikachukua mfuko wangu, maana basi la kampuni lilikuwa linapiga honi nje.